Stesheni ya Bububu: Miaka 17 ya Gari la Moshi Unguja

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na jibu la kila jina la mahali hapa Unguja, na la Bububu alilitoa kwa mwili mzima. Anakunja viwiko, anavizungusha ubavuni kama magurudumu, halafu "bu-bu-bu-bu" mpaka wajukuu wote tunajipanga nyuma yake uani. Hiyo, akituambia, ndiyo sauti ya gari la moshi lilipokuwa likiingia stesheni, na ndipo mahali pale pakaitwa Bububu. Hadithi hiyo nimekuja kuisikia tena kwa watembeza wageni, kwa makonda wa daladala, hata skuli. Naipenda mpaka leo. Ila haiwezi kuwa kweli.

Gari la moshi lilianza kwenda Bububu mwaka 1905. Bi Salme binti Said, mtoto wa Sultani Seyyid Said, alikaa Bububu kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 zinapataja mahali hapo kwa jina hilo hilo. Jina limeitangulia reli kwa miaka karibu 40, pengine kwa zaidi sana. Mimi naelekea kwa wale wanaolihusisha na maji. Bububu ni nchi ya chemchemi, Seyyid Barghash alivuta maji ya huko kuyaleta mjini, na lugha yetu yenyewe inasema maji yanabubujika. Ukisimama karibu na chemchemi inayotoka kwa nguvu huhitaji injini kuisikia "bu-bu-bu".

Nimeanza na jina kwa sababu ndilo lililobaki. Stesheni hakuna, reli iling'olewa, na ukimuuliza kijana wa Bububu habari za gari la moshi atakupa hiyo asili ya jina, basi. Reli yetu inakumbukwa kwa jambo ambalo haikulifanya. Yale iliyoyafanya, na sababu iliyoifanya ife upesi namna ile, hayasimuliwi, nami naona yanastahili kusimuliwa kirefu, hasa wakati huu ambapo kila mwenye kukwama kwenye foleni ya Darajani anatamani treni.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Mwaka 1905 ilifunguliwa reli ya maili 7, yaani kilomita 11 hivi, kutoka Ngome Kongwe mjini hadi Bububu, kaskazini ya mji. Ilichukua watu wa kawaida kwenda na kurudi. Mwaka 1922 huduma ya abiria ikafungwa. Reli ikaendelea kidogo kwa kazi ya kubeba mawe, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ikawa imekwisha kabisa. Mtoto aliyezaliwa siku ile treni ya kwanza inaondoka alikuwa na miaka 17 tu abiria wa mwisho walipoteremka.

Jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni kwamba magari yalikuja yakaiua. Ni kweli, lakini halitoshi. Magari yalikuja Mombasa pia, yakaja Dar es Salaam na Tanga, na reli za huko hazikung'olewa ndani ya miaka 17. Kuna kitu kilichoifanya reli ya Bububu iwe nyepesi kuuliwa.

Ya kwanza ilikuwa ya mfalme

Watu wengi wanadhani Bububu ndiyo reli ya kwanza Unguja. Ya kwanza ilikuwa ya Seyyid Barghash. Mwaka 1879 alijenga njia nyembamba kutoka kasri lake la mjini kwenda kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzo mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu, wale chotara wa farasi na punda. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall huko Uingereza. Ukumbuke huyu ndiye aliyejenga Beit al Ajaib, na ndiye aliyekwenda Uingereza mwaka 1875 akaona kwa macho yake treni zinavyofanya kazi. Alipenda vitu vipya na alikuwa na uwezo wa kuvinunua.

Lakini ile ilikuwa reli ya nyumba moja. Ilitoka kwake ikaenda kwake. Alipofariki mwaka 1888 haikupata mtu mwingine wa kuihitaji, ikang'olewa, na injini yenyewe ikaishia kuwa chuma chakavu. Ikapita miaka 17 kisiwa hakina reli, kisha ikaja ya Bububu, nayo ikabeba watu miaka 17. Hesabu hizo mbili zimelingana kwa bahati tu, lakini mimi zimenisaidia kuzishika tarehe.

Wamarekani wa pembe za ndovu

Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Arnold, Cheney & Co. ya New York, na hapo wengi hushangaa. Wamarekani walitafuta nini kwenye reli ya kwenda shamba?

Wao hawakuwa wageni hapa. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, kabla hata Waingereza hawajapata wa kwao wa aina hiyo. Kitambaa chao cheupe kilienea bara na visiwani mpaka tukakiita merikani, na neno hilo bibi zetu walilitumia bila kufikiria nchi. Upande wa pili walichukua karafuu, ngozi, sandarusi, na zaidi ya yote pembe za ndovu, zilizokwenda Connecticut kuchongwa vibao vya piano. Arnold, Cheney walikuwa ndani ya biashara hiyo ya pembe. Unguja waliijua bandari yake na soko lake.

Sasa tazama mwaka wenyewe. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ilikuwa imeshafika ziwa la Viktoria mwaka 1901. Mwaka huo huo wa 1905 Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, wakafika Morogoro mwaka 1907. Mali ya bara, ambayo kwa miaka mingi iliteremka kwa misafara mpaka Bagamoyo na Pangani kisha ikavushwa kwa majahazi kuja Unguja, ilikuwa inafunguliwa milango mingine. Mwenye biashara ya pembe aliyekuwa Unguja alikuwa na kila sababu ya kutafuta shughuli nyingine. Huo ni msomo wangu wa tarehe, lakini naona unaeleza vizuri kwa nini wafanyabiashara wa New York waliweka fedha zao katika kilomita 11 za mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, kwenye kisiwa.

Jambo hili tuliweke akilini. Reli ya Bububu ilizaliwa wakati reli nyingine zimeanza kuiondolea Unguja kazi iliyoitajirisha. Zile zilikuwa ndefu na zilikwenda kunako mali. Hii ilikuwa fupi, na mali kubwa haikuwa kwenye njia yake. Nitalirudia hapo mbele.

Kupita Malindi

Ziko picha za posta za zama zile ambazo bado unaziona zimening'inia kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe. Aliyeziona hazisahau. Injini imejaa katika kichochoro, nyumba za mawe zimesimama huku na huku, madirisha ya ghorofa yanakaribia kugusana juu ya bomba la moshi. Reli ilianzia Ngome Kongwe, pale pale ambapo sasa watu hukaa usiku kusikiliza muziki, ikakata mji na kupenya mtaa wa Malindi kabla ya kutoka kwenda shamba.

Aliyekulia Mji Mkongwe anajua upana wa njia zile. Watu wawili wenye vikapu wanakutana, mmoja anapisha. Anakuja mtu wa baiskeli, unajibana ukutani. Nyumba nyingi zina baraza za mawe nje, na jioni wazee wamekaa, kahawa inapita, miguu imenyooshwa njiani. Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, futi 3 baina ya chuma na chuma, lakini behewa ni pana kuliko reli yake. Lipitishe katika njia kama ile na hesabu ni rahisi: kila mtu lazima aingie mlangoni, au apande barazani, au abane mgongo ukutani mpaka mkia wa treni upite. Na nyuma yake moshi umejaa kwenye vyumba vya chini, nguo zilizoanikwa zimepata masizi.

Ndiyo sifa iliyoipa reli hii jina nje ya kisiwa: gari la moshi linalopita ndani ya vichochoro vya mji. Wageni walistaajabu. Kwa mwenye nyumba ya Malindi ilikuwa habari nyingine. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu alikuwa anapita mlangoni kila siku. Sitaki kuipamba sehemu hii kwa sababu imekaa vizuri kwenye picha. Kuwekewa injini ya mvuke mbele ya mlango wako ni adha, na kila reli ya kitongoji duniani huanza kuchukiwa pale inapolazimisha njia katika mji uliokwisha kujengwa.

Ikishatoka mjini mambo yalibadilika. Upande wa bahari kulikuwa na magofu ya Maruhubi, kasri la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, nguzo zake zimesimama bila dari kama zilivyosimama hadi leo. Mbele kidogo Mtoni, kasri la Seyyid Said, alikozaliwa Bi Salme mwaka 1844. Halafu minazi, upepo, na mwisho Bububu. Mtu aliyepanda pale Ngomeni na kuteremka mwisho wa reli alikuwa amepita karibu na nusu ya maisha ya yule binti, naye mwenyewe yu hai bado Ujerumani, mzee, hajaipanda hata mara moja. Alifariki Jena mwaka 1924, miaka 2 baada ya abiria kuondolewa.

Nani alipanda

Abiria wake wakubwa walikuwa watu wa kisiwa. Hili napenda lisemwe wazi, maana maandishi mengi hukimbilia kusimulia wageni. Mtu wa shamba mwenye pakacha la machungwa au shada la nazi, mwenye shauri lake mjini, mwenye kumtembelea dada yake aliyeolewa Ng'ambo: kabla ya reli huyu alikwenda kwa miguu au kwa punda, na kilomita 11 kwa miguu na mzigo kichwani ni asubuhi nzima. Reli ilimpa uwezo wa kwenda na kurudi siku moja na nguvu zake bado anazo.

Kwa wageni wa meli kulikuwa na behewa maalumu la daraja la kwanza. Meli ikitia nanga, abiria wake waliokuwa na saa chache waliweza kupanda wakaone minazi na mikarafuu kisha warudi kabla haijang'oa nanga. Ziara za viungo tunazozijua leo, za kupeleka wageni mashambani kunusa mdalasini na kutafuna karafuu mbichi, zina baba yao katika lile behewa. Tofauti ni kwamba siku hizi wageni wapo kila siku, na zama zile walikuja meli ilipokuja. Behewa la daraja la kwanza linaweza kujaa Jumanne na likakaa tupu mpaka wiki ya pili yake, na huwezi kulipa makaa, mafundi na walinzi wa njia kwa Jumanne moja.

Mbona ilikufa

Hapa ndipo penye kiini, na nitakwenda polepole.

Reli ni kitu cha gharama ambayo haijali umebeba nani. Mataruma yanaoza na mvua zetu za masika treni ikipita mara kumi kwa siku au mara mbili. Reli ya chuma inaliwa na kutu ya hewa ya bahari. Injini inataka fundi, dereva, mtu wa kutia moto. Gharama hizo hulipika kwa njia moja kubwa, nayo ni mzigo mzito unaosafirishwa mbali, daima. Abiria ni nyongeza juu yake.

Unguja ilikuwa na mzigo mmoja wa namna hiyo, karafuu. Na karafuu haikuwa ya reli hii. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa ya karafuu ya himaya ya Unguja na Pemba ilikuwa ikitoka Pemba. Ilikuja kwa majahazi mpaka forodhani, na reli ya Unguja hata ingekwenda mpaka ncha ya Nungwi isingeigusa. Ile ya Unguja yenyewe ilikuwa imetawanyika kwenye mashamba ya ndani, na ya kaskazini ilikuwa na bahari karibu. Jahazi halina taruma la kubadilisha.

Halafu kuna suala la kupakia na kupakua, ambalo watu wasiofanya kazi ya mizigo huwa hawalioni. Chukua gunia la karafuu shambani, ndani ya Bububu. Kwanza lipelekwe stesheni, kwa punda au kwa kichwa. Lipakiwe kwenye behewa. Liende kilomita 11. Lishushwe mjini. Lipakiwe tena kwenye gari la hamali, lisukumwe mpaka linakokwenda, lishushwe tena. Muulize hamali yeyote wa Darajani, atakwambia jasho liko kwenye kunyanyua, siyo kwenye kwenda. Kwa safari ya Mombasa hadi ziwani, zaidi ya kilomita 900, kunyanyua mara mbili au tatu si kitu, kwa sababu mshindani wa treni ni mpagazi anayetembea miezi. Kwa safari ya Bububu, kunyanyua ndiko safari yenyewe. Siku lilipokuja lori linaloingia mpaka chini ya mnazi na kushusha mpaka mlango wa duka, treni haikuwa na neno la kujibu.

Ndiyo maana nasema magari hayakuiua reli kwa kasi yao. Magari ya miaka ile ya 1910 na mwanzo wa 1920 hayakuwa na kasi ya kutisha. Yaliiua kwa mambo mawili. Yalisimama popote, na gharama ya njia yao haikuwa juu yao. Serikali ilikuwa inatengeneza barabara, na barabara ni ya kila mtu. Mwenye gari moja alilolinunua kwa fedha za kuazima alianza biashara siku hiyo hiyo juu ya njia aliyoikuta. Reli ilibeba njia yake mgongoni, kilomita zote 11. Kampuni ilipoiachia serikali, hesabu hiyo haikubadilika, alibadilika mlipaji tu. Na serikali ile ile ndiyo iliyokuwa ikilipia barabara ya pembeni. Himaya ndogo haiwezi kulisha vyote viwili vinavyokwenda mahali pamoja.

Kulinganisha kunasaidia. Dar es Salaam ilipoanza treni ya abiria wa mjini mwezi Oktoba 2012, ile ambayo watu waliibandika jina la treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, haikujengewa reli mpya. Ilipita juu ya reli ya kati kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na ya pili juu ya reli ya TAZARA. Reli hizo zilikuwepo kwa ajili ya mzigo wa Kigoma, Mwanza na Zambia; abiria wa Buguruni alipata treni kwa sababu njia ilikuwa imeshalipiwa na shehena ya mbali. Nairobi ni vivyo hivyo, treni zake za vitongoji zilizaliwa juu ya reli kuu. Bububu haikuwa na reli kuu ya kujishikiza. Ilikuwa tawi lisilo na mti.

Kwa hiyo mtu akiniambia kosa lilikuwa kupitisha treni Malindi, au kosa la Wamarekani, au la uvivu wa serikali, sikubaliani naye. Malindi ilileta adha lakini adha peke yake haifungi reli. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa katika urefu. Kilomita 11 katika kisiwa chenye urefu wa kilomita kama 85 si fupi kiasi cha kuwa tramu ya mjini yenye watu kila hatua, wala si ndefu kiasi cha kufikia mzigo ambao punda hauwezi. Ilikaa pale pale ambapo lori lingekaa vizuri kuliko chochote. Na lori likaja.

Njia haikukosewa

Lakini kuna jambo moja waliojenga reli ile walilipatia sawasawa, na hili ndilo linalonifanya niipende.

Panda daladala ya 502 pale Darajani saa kumi na moja jioni. Ukipata kiti umebahatika. Wanafunzi wa skuli wamebanana mlangoni, mama mmoja ana beseni la samaki kapakata, konda anagonga bati kwa sarafu kuashiria dereva aondoke. Maruhubi iko kushoto baharini, Mtoni, Kibweni, Beit el Ras, Bububu. Kilomita zile zile. Njia iliyoonekana na mtu mwaka 1904 akasema hapa kuna watu wa kubeba, leo ni moja ya njia zenye watu wengi kabisa kisiwani, na mashamba aliyoyaona dirishani yamekuwa nyumba zilizoshikana kutoka mjini mpaka Bububu na kupita. Mji ulikwenda upande ule ule reli ilikoelekea. Haja ya kusafiri ilikuwepo na ikakua mara nyingi, isipokuwa ilikua baada ya reli kuondoka.

Hapo nasikitika. Si kwa sababu reli ingeweza kuokolewa mwaka 1922. Kwa hesabu za wakati ule sioni mtu ambaye angeiokoa. Nasikitika kwa sababu ya ile nafasi iliyokuwa imefunguliwa. Mkanda mmoja wa ardhi, umenyooka, umesawazishwa, kutoka katikati ya mji mpaka Bububu. Reli iking'olewa mkanda hauachwi wazi ukisubiri. Unajengwa, unaingizwa kwenye barabara, unakuwa ua la mtu, ukuta wa mtu, kibanda cha chipsi. Baada ya miaka 100 ukitaka kupitisha hata njia ya mabasi peke yake pale, itabidi ununue kila futi. Miji mingi duniani iliyofunga reli zake za vitongoji imejuta kwa jambo hili kuliko kwa mabehewa. Injini unaweza kununua nyingine. Njia ukishaivunja haiuzwi dukani.

Mawe

Baada ya abiria kuondolewa, reli haikunyamaza mara moja. Iliwekwa kwenye kazi ya mwisho, kubeba mawe ya kujazia bahari kwa ajili ya bandari. Na hapa, kwa miaka ile michache, ilipata kile ilichokosa muda wote: mzigo mzito, kutoka mahali pamoja kwenda mahali pamoja, kila siku, bila kutafuta mteja. Jiwe halina haja ya kushukia kwa dada yake. Hakuna lori la zama zile lililoweza kazi hiyo vizuri kama treni. Ikafanya, na kazi ilipokwisha ikafungwa.

Bibi hakuwahi kuyataja mawe. Nilipomaliza kuzisoma tarehe hizi yeye alikuwa ameshatangulia, na mara nyingine najiuliza ningemweleza vipi bila kumharibia "bu-bu-bu" yake. Labda ningempeleka Malindi, bandarini, boti ya Dar inapofunga kamba. Watu wanateremka na mabegi, wachukuzi wanakimbilia, teksi zinaita. Wanakanyaga ardhi iliyokuwa bahari kabla ya miaka ya 1920, na chini ya miguu yao kuna mawe yaliyoletwa na lile gari la moshi la Bububu.